Mlinzi wa Mlango

S.L.P. 318
12 Januari

Kwa Mwanafunzi Nambari 27,

Karibu kwenye kozi ya uhudumu wa duka la dawa. Mimi ndiye nitakayekufundisha hesabu za dozi, kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, kwa simu au kompyuta, chochote ulicho nacho.

Huu ni mwaka wa saba nafundisha watu nisiokaa nao chumba kimoja, na nimeshajua nani atafaulu na nani ataishia njiani. Si suala la simu kubwa. Wenye simu kubwa wamefeli mbele ya macho yangu, mtandao ukiwa safi kabisa. Anayefaulu ana kona yake, hata iwe ndogo namna gani, na kila siku anakaa hapo hapo. Ana saa yake, na saa hiyo haigawi kwa mtu. Tena ana mtu mmoja pale nyumbani anayejua kwamba anasoma. Hili la mwisho wengi wanalidharau, na ndilo linalowaangusha.

Mtu huyo mimi namwita mlinzi wa mlango. Wakati wa kipindi anahakikisha huitwi kuchota maji wala kupokea wageni. Siku ya mtihani anakaa nje ya mlango wako, halafu anasaini kwamba ulikuwa peke yako. Fomu yake nimeiambatanisha. Inakuja kwa posta kwa sababu nataka sahihi ya wino, si picha.

Usinione mkali. Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja alifaulu vizuri mno, nikaja kugundua mtihani wote ulifanywa na shemeji yake muuguzi. Tangu siku hiyo, kila kipindi kinapoanza namuuliza kila mmoja: uko peke yako? Mlango umeufunga? Nawe utajibu kwa sauti.

Niandikie unakaa wapi, na nani anakulinda.

Mwalimu wa Dozi


20 Januari

Mwalimu,

Salamu kwa heshima. Asubuhi napiga pasi kwa dobi, naachiwa saa saba, kwa hiyo saa tisa yako ni yangu kabisa.

Kona yangu iko kati ya kitanda na kabati. Nina meza ya cherehani ambayo cherehani yake imefungwa chini, basi juu pako tambarare. Simu naiegemeza kwenye kopo la vifungo. Mwanga unatoka dirishani upande wa kushoto. Vya masikioni ninavyo, ingawa kimoja kimekufa.

Mume wangu ni fundi mitambo, yuko mbali kikazi. Ninaishi na mama yake, na yeye ndiye mlinzi wangu wa mlango. Alifurahi sana niliposema nasoma. Fomu ameshasaini, hii hapa.

Mwanafunzi wako,
Nambari 27


21 Februari

Kwa Nambari 27,

Kazi zako ni safi. Ningependa nikusifu niishie hapo, ila nina jambo linanikera.

Mara tatu sasa, katikati ya kipindi, nimesikia mtu anakohoa. Si wewe, maana mara mojawapo wewe ulikuwa unaongea. Ni kikohozi cha mtu mzima, cha karibu, cha mtu anayejaribu kukizuia. Alhamisi iliyopita kilisikika, na dakika moja baadaye ukajibu swali lililowashinda wenzako wote.

Labda ni bahati tu. Lakini umeniambia uko peke yako na mlango umefungwa. Nani anakohoa?

Mwalimu wa Dozi


26 Februari

Mwalimu,

Ni redio. Mama huiacha wazi sebuleni, na ukuta wetu ni mwembamba. Nimemwomba apunguze.

Lile swali nilijibu kwa sababu nililifanyia mazoezi nikipiga pasi. Kila shati nalipatia uzito wa mtoto, halafu natafuta dozi yake.

Nambari 27


9 Machi

Kwako wewe unayejiita Mwalimu,

Sikujui, na sina hamu ya kukujua. Mimi ni mama wa mume wa huyo unayezungumza naye kila Jumanne na Alhamisi saa tisa. Anwani yako nimeiona kwenye bahasha tupu iliyotupwa chini kabisa ya ndoo ya taka, imefunikwa maganda ya viazi. Mtu hafuniki maganda juu ya kitu kisicho na neno.

Nimekaa miaka ishirini na sita kwenye ubao wa simu, nikiunganisha watu na kuwakata, na hapa mtaani mpaka leo wananiita Opereta. Mtu akinong'ona nyuma ya ukuta namsikia kama yuko begani kwangu. Ndiyo maana nakuandikia kwa wino. Simu nazijua, na wanaosikiliza nawajua. Nilikuwa mimi.

Basi nikueleze ninachosikia. Anajifungia. Neno lake la kwanza kila mara ni lile lile: "Niko peke yangu, mwalimu. Mlango nimeufunga." Mwalimu gani wa maana anamuuliza mke wa mtu kama amefunga mlango? Wewe sikusikii, lakini yeye namsikia, na wiki hii nimesikia lililonikalisha chini. Anataja mtoto. Mtoto wa kilo kumi na tano, ana homa, anahitaji dawa mara tatu kwa siku.

Nyumba hii haina mtoto. Mtoto wa kilo kumi na tano si mchanga, ni wa miaka mitatu hivi, na mwanangu ameoa mwaka wa pili huu. Sasa nakuuliza, mwanamume mzima: mtoto huyo ni wa nani, amefichwa wapi, na kama anaumwa, mbona anauguzwa kwa simu badala ya kupelekwa hospitali?

Mwanangu sijamwambia bado. Nakupa siku kumi ujieleze, la sivyo nitamwandikia yeye.

Opereta


15 Machi

Mama Opereta,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Mtoto wa kilo kumi na tano hayupo. Ni mfano wa hesabu. Wiki hii ana kilo ishirini na mbili, na wiki ijayo atakuwa mzee wa miaka sabini mwenye figo mbovu. Mimi nafundisha kuhudumia duka la dawa, na mke wa mwanao ni mmoja wa wanafunzi wangu arobaini na mmoja. Wote nawauliza habari za mlango, wanaume kwa wanawake.

Sasa na mimi nina swali. Hapa mezani nina fomu iliyosainiwa kwa jina lako tangu Januari, inayosema unajua kwamba anasoma na unamlinda. Mwandiko wa sahihi hiyo na wa barua yako haufanani hata kidogo. Yeye nimemwandikia leo hii hii.

Mwalimu wa Dozi


15 Machi

Kwa Nambari 27,

Naambatanisha nakala ya barua niliyopokea kutoka kwa mlinzi wako wa mlango, ambaye, kama utakavyoona, hana habari kwamba kuna mlango wa kulinda.

Umesaini kwa jina la mtu mwingine. Ulisema ni redio, na redio haiandiki barua. Sasa sijui kazi zako ngapi ni zako. Nimekuondoa kwenye orodha ya mtihani wa tarehe 10 Aprili. Huo ndio mtihani wa mwisho kwa mwaka huu.

Mwalimu wa Dozi


19 Machi, kupitia chini ya mlango wako

Mke wa mwanangu,

Leo ni siku ya pili unaniwekea sahani mezani na kuondoka bila neno. Kwa kuwa hunitazami, nakuandikia. Tuko hatua sita mbali na nimelazimika kutafuta kalamu.

Ndiyo, nilikusikiliza. Niliweka kiti nyuma ya ukuta wa chumba chako, kila Jumanne na Alhamisi, tangu Januari. Barua za mwalimu ulizoacha mezani nimezisoma: kile kikohozi ni changu, redio ya watu umeisingizia bure. Nilikudhania mabaya na nikayaandika kwa mtu nisiyemjua. Hilo ni kosa langu na linanichoma.

Lakini na wewe ulinisaini. Mimi nipo, mzima, ukutani hapo, na wewe ukachukua kalamu ukawa mimi. Ulishindwa nini kuniambia, "Mama, nasoma"? Ningekula nini chako?

Mama


19 Machi, kupitia chini ya mlango wako

Mama,

Unakumbuka siku ile wageni walipojaa sebuleni? Mmoja aliuliza hiyo cherehani ni ya nani, mbona imefunikwa. Ukasema, "Ya huyu. Huyu ni hodari wa kuanza." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ni kweli, ushonaji niliacha. Udereva niliacha. Mwanao alipoondoka nilimwambia nataka kusoma kitu, akanijibu kwa upole kabisa, "Utaacha tu, usijisumbue." Alikuwa hanitukani. Ndivyo anavyoamini, na mimi mwenyewe nilianza kuamini.

Kwa hiyo niliamua safari hii nimalize kwanza ndipo niseme. Kama ningeacha, nisingeachia mbele ya mtu. Mwenye duka la dawa pale kona ameniwekea nafasi hadi mwisho wa Aprili. Miguu yangu imechoka na pasi, Mama. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu tu.

Sahihi ile ni kosa, na sina cha kujitetea. Chakula kiko chini ya kifuniko.

Mimi


21 Machi

Mwalimu,

Hii ni barua ya pili kuandika leo. Ya kwanza ilisema sahihi ile ni yangu, kwamba siku ile mkono ulikuwa unatetemeka. Nilipoisoma nikaona hata mimi nisingeiamini, nikaichana.

Sahihi si yangu. Aliifanya yeye, kwa kuwa nyumba hii haikumpa mtu wa kumsainia. Hapo na mimi nimo. Niliwahi kumcheka mbele ya watu, naye akanifungia mlango. Alifunga wa chumba, na mimi nikabaki kwenye kiti changu nyuma ya ukuta, nikijidanganya kwamba nalinda heshima ya mwanangu. Nilichokuwa nalinda ni mimi. Kwenye nyumba ya watu wawili, mmoja akijifungia, aliyebaki nje anaogopa. Nilifikiri ana mpango wa kuondoka. Sasa najua ana mpango, ila ni wa kwenda dukani pale kona.

Unasema hujui kazi zake ngapi ni zake. Mimi najua. Nimemsikiliza wiki tisa bila kukosa kipindi, na sidhani kama una mwanafunzi mwingine mwenye shahidi wa namna hiyo. Hakuna mtu aliyewahi kumnong'oneza. Kila hesabu anaisema kwa sauti kama anayeswali, anakosea, anajitukana, anaanza upya. Jumatano na Ijumaa, siku zisizo zako, anarudia yote. Mimi mwenyewe nimeshajua kugawa dozi, na sikuwa na haja nayo.

Mrudishe kwenye orodha. Mlango nitaulinda mimi, na safari hii nitajua ninachokilinda.

Opereta


28 Machi

Mama Opereta,

Nimekaa na barua yako wiki nzima kwa sababu sitaki kudanganyika nayo.

Mtu aliyeweza kusikiliza kupitia ukutani kwa wiki tisa anaweza pia kunong'ona kupitia ukuta huo huo. Tena unasema dozi umeshazijua. Hilo umelisema kwa nia njema, lakini mimi limenipa wasiwasi mpya. Na simu ya mwanafunzi haiwezi kubeba picha na sauti pamoja bila kukwama, hivyo siku ya mtihani nitaona meza yake na mikono yake, ila sitasikia kitu. Masikio yote yatakuwa yako.

Ninamrudisha kwa sharti moja. Utakaa nje ya mlango kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Mtihani ukiisha, utaniandikia kila ulichosikia, hata kisichompendeza, na barua hiyo uipeleke posta siku hiyo hiyo kabla hawajafunga. Nitaangalia muhuri.

Nikikuta mkono wako kwenye karatasi yake, nitawafuta nyote wawili, ingawa wewe hukusajiliwa.

Mwalimu wa Dozi


10 Aprili, saa kumi na robo

Mwalimu,

Naandikia posta kwenyewe, kwenye kaunta, kwa kalamu yao iliyofungwa kamba.

Saa nane kasoro tano niliweka kiti mlangoni. Si ukutani. Nilimwambia, "Mwanangu, niko hapa," akasema, "Asante, Mama." Hayo ndiyo maneno yote tuliyosemezana mpaka saa kumi.

Saa nane na nusu alikuja jirani kuazima ungo, nikamwambia ungo umetoboka. Haujatoboka. Saa tisa kasoro dakika kumi mwanangu alipiga simu yangu, akamuulizia mkewe. Nikasema yuko kazini. Akauliza kazi gani saa hizi. Nikamjibu, "Atakwambia mwenyewe, sasa kata, natumia masikio."

Umesema nisifiche. Basi hesabu ya mtoto, nafikiri ni swali la sita, ameikosea. Ni yule yule wetu wa kilo kumi na tano, miligramu ishirini kwa kila kilo kwa siku, dawa ya maji yenye miligramu ishirini na tano kwa kila mililita. Akapata mia tatu, sawasawa. Dawa ni mara tatu kwa siku, kwa sauti yake mwenyewe aliisoma hivyo, halafu akagawa kwa mbili. Swali la nyuma yake lilikuwa la mara mbili, nadhani mkono ulizoea. Akapata mililita sita badala ya nne. Nilimsikia anaandika.

Mwalimu, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ningekohoa tu angejua, maana kikohozi changu anakifahamu. Duka lile, miguu yake, ile siku ya wageni, vyote vilinijia pale kwenye kiti. Nikauma ncha ya mtandio mpaka nikasikia ladha ya sabuni. Sikukohoa. Kwenye ubao wa simu nilisikia mengi na nikanyamaza kwa kuwa nililipwa. Leo kunyamaza kumeniuma kama jino.

Yeye hajui kwamba amekosea. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe.

Wanafunga dirisha.

Opereta


22 Aprili

Kwa Nambari 27, na kwa mlinzi wake wa mlango,

Mtihani niliusahihisha tarehe 17. Barua ya Mama niliikuta sandukuni tarehe 14, nikaiweka kando bila kuifungua, muhuri wake ukiwa wa tarehe 10. Sikutaka initangulie kwenye karatasi.

Swali la sita limekosewa. Mia tatu imegawanywa kwa mbili, jibu limeandikwa mililita sita. Maswali mengine yote ni sahihi. Nilipomaliza ndipo nikafungua barua, nikakuta mililita sita zangu zimenisubiri humo siku tatu.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwatafuta watu waliojificha nyuma ya majibu yaliyo sahihi mno. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja kosa ndilo litakaloniaminisha. Mtu aliyejua jibu alikaa nyuma ya ubao wa mlango, na jibu halikupita.

Nambari 27, umefaulu. Cheti chako hata hivyo nakizuia kwa wiki moja. Mililita mbili za ziada kwa mtoto si mchezo, na sitamweka mtu kaunta akiwa na kosa hilo mkononi. Nifanyie hesabu ishirini za aina ile na unitumie. Mwenye duka la pale kona, uliyemtaja kwenye fomu ya kujiunga, nimemwandikia kwamba unakuja.

Naambatanisha fomu ya hatua ya pili, inayoanza Juni. Si lazima. Lakini unaonekana umeanza kuzoea kumaliza.

Mwalimu wa Dozi


26 Aprili, juu ya redio

Mama,

Hesabu ishirini nimezimaliza, ziko mezani chini ya kopo la vifungo. Mume wangu nilimpigia jana nikamwambia yote. Akauliza, "Mpaka mwisho?" Nikamwambia mpaka mwisho.

Fomu ya Juni nimeijaza yote isipokuwa mstari mmoja. Safari hii sikutia kalamu pale. Nimeiacha hapa pamoja na fomu.

Mimi


26 Aprili, hapo hapo

Mwanangu,

Nimesaini. Mtu akiulinganisha mwandiko, ni wangu.

Hesabu zako nimezipitia. Ya kumi na nne irudie kabla hujaipeleka posta. Nimekohoa.

Mama